Magari ya zamani ya Safari Rally yasifutiwe historia

Mashindano ya Safari Rally yalianza Afrika Mashariki mwaka 1953, lakini gari aina ya Datsun 240Z lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa Japani na kampuni iliyoliunda. Kwa kuwa kanuni za Kenya huzuia uagizaji wa magari yaliyopita umri wa miaka minane, yale yaliyosalia katika gereji zetu ni vigumu kupata mbadala.

Ndiposa wanaoyafufua wanapaswa kutahadhari. Gari la kuendeshwa barabarani sharti liwe na breki, taa na mikanda thabiti. Hapo vipuri vipya havina lawama. Lakini bodi iliyobonyezwa na mawe ya Taita isinyooshwe kwa ajili ya kuwaridhisha majaji wa maonyesho. Makovu yakifutwa, litabaki gari maridadi lisilo na ushahidi.