Simu inajua sheria, lakini ni ya inchi gani?

Siku hizi, katika miji yetu, mutu akipata shida ya parseli, ya deni ao ya urithi, mara mingi haanzi tena kwa avoka. Anafungua ChatGPT, ao Meta AI yenye iko ndani ya WhatsApp, anaandika shida yake na kungojea jibu. Tusimucheke. Avoka anaomba feza mbele hata ya kufungua dosie, na mwenye kuishi mbali katika Shabunda ao Walikale hana avoka karibu. Mashine inajibu palepale, kwa mega kidogo, na haimuambii mutu arudi kesho.

Mashine inajua sheria mingi. Shida ni kwamba inajua za inchi mingi, na inaweza kukupa ya wengine.

Sheria ya Ufaransa katika parseli ya Kongo

Tukamate mufano wa mama mujane mwenye ndugu za bwana yake wanataka kumufukuza katika nyumba. Akiuliza kwa Kifaransa bila kutaja inchi, anaweza kupewa sheria ya Ufaransa. Kule, mujane mwenye alizaa na marehemu anachagua: robo ya mali iwe yake kabisa, ao atumie mali yote mpaka kufa kwake.

Kwetu si hivyo. Code de la famille, sheria yetu ya familia ya 1987, inaweka watoto katika kundi la kwanza la warizi, wasichana na wavulana sawasawa, na inawapa robo tatu ya mali. Mujane anaingia kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Lakini sheria hiyohiyo inamupa haki ya kuendelea kuishi katika nyumba mwenye alikuwa anakaa na bwana yake. Hiyo njo nguvu yake. Kama mashine haikumuambia, atapigania fungu lenye si lake na kuacha nyumba yenye ana haki ya kukaa.

Hata sheria yetu wenyewe, mashine inaweza kukupa ya zamani. Zamani, bibi alihitaji ruhusa ya bwana ili afanye mapatano ya kisheria. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 ilibadilisha jambo hilo: sasa ni bibi na bwana kusikilizana. Maandishi ya zamani yangali kwenye intaneti, na mashine inasoma yote.

Siku zinahesabiwa

Mutu akihukumiwa kwa mambo ya penali, ana siku 10 tu za kukata rufani. Kwa mambo ya sivili, ni siku 30. Mwenye kumaliza wiki mbili akiulizana na simu anaweza kukuta mulango umefungwa, hata kama majibu yote yalikuwa ya kweli.

Kwa mutu aliye kasho, ni vilevile. Katiba, kifungu cha 18, inasema polisi haiwezi kumuweka kupita saa 48. Kiisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Lakini saa hizo hazijitetei zenyewe. OPJ anaweza kucheka simu. Avoka mwenye kusimama mbele yake, ni vigumu kumucheka.

Tribinali gani iko wazi?

Tangu M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, tribinali za Serikali kule hazifanyi tena kazi kama zamani. Mashine inaweza kukutuma kwenye tribinali ya amani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nani anapokea dosie leo, na karatasi ya nani itakubaliwa kesho, hayo utayajua kwa mutu mwenye kuwa pale.

Tena kuna siri. Yale unaandika yanaenda kwenye mashine za kampuni ya ngambo, na simu yenyewe inaweza kushikwa njiani. Majina, nambari ya parseli, habari ya mutoto aliyebakwa: usiandike humo.

Namna ya kuitumia

Andika wazi kwamba uko Kongo, RDC. Omba nambari ya sheria na kifungu, kisha uhakikishe. Huko New York, mwaka 2023, hata wa avoka walitozwa dola 5.000 sababu walipeleka kwa juji hukumu zenye ChatGPT ilizitunga. Kiisha peleka maulizo yako kwa défenseur judiciaire, ao kwenye biro ya mashauri ya bure ya wa avoka. Sheria ya 1979 juu ya barreau inaiweka kwa ajili ya wasio na uwezo. Avoka akikukosea, unaweza kumushitaki kwa bâtonnier. Mashine haina bâtonnier.

Na kama tayari muko na hukumu mukononi, muhesabu siku kwanza. Maulizo mengine yatafuata.