Ngoma na Daftari

Wako watu wanaodhani kwamba dai likisha enezwa katika simu za mkononi limekwisha shinda. Hao huhesabu vidole vilivyogusa kioo, wakaviita jeshi. Kosa lao ni kubwa, kwani ngoma huita watu, lakini haiwatetei mbele ya hakimu.

Kilimanjaro ina ushahidi wa neno hili. Wakulima wa kahawa wa Kichaga, walipopingwa na walowezi, waliunda chama chao mwaka 1925. Nafasi yake ikashikwa na chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Waliuza kahawa yao pamoja, na penye mauzo ya pamoja hapakosi mizani na daftari. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yao.

Mwezi Oktoba 2016 wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika waliupanda mlima huo huo wakidai haki ya ardhi. Habari zao zilienea duniani kwa intaneti, na jambo hilo lilikuwa jema. Walakini mjane wa Kibosho au Marangu anayefukuzwa kihambani na shemeji zake hapati hifadhi katika picha ya kilele. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa haki sawa na mwanamume. Mila ya kumrithisha mwana wa kiume ndiyo inayomnyima. Linalomfaa ni daftari: wajane wangapi wamefukuzwa, katika kijiji gani, mwaka gani, na baraza liliamua nini. Simu inayopiga ngoma yaweza pia kushika kalamu.

Wenye mamlaka waliitambua nguvu ya hesabu mapema. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu za kukanusha zile rasmi. Mwaka 2019 kosa hilo likaondolewa. Tena tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini. Ngoma yaweza kunyamazishwa kwa amri moja. Daftari lililoandikwa na kutunzwa nyumbani halizimwi hivyo.

Basi daftari hilo na liwe mikononi mwa wanawake wenyewe, wala lisipelekwe kwa mfadhili wa mbali likasahauliwa kabatini. Na majina ya walioonewa yasitiriwe. Asiyehesabu madhila yake huhesabiwa na mwingine, na hesabu ya mwingine aghalabu huwa pungufu.