Tamasha la tango ughaibuni: Muislamu aamue vipi?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na kila afuataye uongofu wake.

Ndugu Waislamu, wanandoa vijana wa kwetu wanaoishi Ulaya wamejifunza dansi ya tango, na marafiki wamewaalika kwenye tamasha la siku tatu katika nchi nyingine. Wameniuliza: sisi ni mume na mke, kuna ubaya gani tukienda? Wapo watakaocheka wakidhani ni tango la shambani. Lakini anayeuliza kabla ya kutenda amefanya jema, naye anastahiki jibu la elimu, si la ukali.

Jambo halihukumiwi kabla ya kufahamika. Tango lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika vitongoji vya Buenos Aires na Montevideo, miongoni mwa wahamiaji wa Ulaya, wenyeji na vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mkusanyiko wa kulicheza huitwa milonga. Muziki hupigwa kwa mafungu ya nyimbo 3 au 4, wawili wakicheza huku wamekumbatiana, mara nyingi kifua kwa kifua. Fungu likiisha, wachezaji huachana, na kila mmoja hutafuta mwenzi mwingine.

Insafu inatutaka tuseme kwamba watu hao wana adabu zao. Kwa desturi yao ya jadi, mwanamke havutwi mkono. Mwanamume humtazama kwa mbali, na mwanamke akiridhia hulipokea jicho lake, kisha wakaitikiana kwa kichwa. Asiyetaka hugeuza uso, na hakuna anayefedheheka.

Lakini hapo ndipo penye suala letu. Mwaliko wa tango huanza na jicho, na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nur, aya ya 30 na 31, amewaamrisha waumini wanaume na waumini wanawake wainamishe macho yao kabla hajataja kuhifadhi tupu. Sharia imefunga mlango palepale ambapo dansi hii inaufungua. Ikiwa jicho lina hukumu hiyo, kumkumbatia asiyekuwa maharimu kwa nyimbo nne hakuhitaji fatwa ndefu.

Suala la ala za muziki nimeliweka kando, kwani lina ikhtilafu: wanazuoni wengi wamezikataza, na Ibn Hazm akaziruhusu. Wengine hutoa hoja ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini, Bibi Aisha (r.a.) akiwatazama huku Mtume (s.a.w.) akimsitiri. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini wale walikuwa wanaume wakicheza na silaha zao, wala hawakumkumbatia mke wa mtu.

Wanandoa wetu wanasema watacheza wao kwa wao tu. Mume na mke wakicheza nyumbani kwao, faraghani, sioni wa kuwazuia, na huenda ikawa sababu ya mapenzi. Tamasha ni jambo jingine. Kwanza, baadhi ya mikusanyiko hiyo huandikisha wanaume na wanawake kwa idadi sawa ili kila mmoja apate wa kucheza naye. Anayeingia kwa sharti hilo huku amenuia kutolitimiza, amekosa uaminifu. Na akilitimiza, amekosa mbele ya Mola wake. Pili, milonga huendelea hadi usiku mkubwa. Katika kiangazi cha kaskazini mwa Ulaya, Isha huchelewa mno na Alfajiri haikawii. Je, sala mbili zitasaliwa wapi, na kwa moyo gani? Tatu, nauli, hoteli na kiingilio si fedha kidogo. Mwenye deni lililofika muda wake, au mwenye uwezo wa Hija ambaye hajahiji, ana safari nyingine inayomngoja.

Baadhi ya vijana husema wataswali istikhara kisha waamue. Istikhara ni kumwomba Allah heri katika jambo la halali. Haiswaliwi ili haramu ipate ruhusa. Hukumu itangulie, kisha shauri la wenye busara, kisha istikhara.

Kwa hiyo rai yangu kwao ni kwamba wasiende. Wawajibu marafiki zao kwa upole, bila kuwadharau wala kuwahubiria kwa hasira: dini yetu haituruhusu dansi ya namna hii, lakini karibuni nyumbani mle nasi. Rafiki wa kweli ataelewa. Na kama wana hamu ya kusafiri pamoja, ardhi ya Allah ni pana, na safari ya Umra ipo.

Nanyi wazazi, msilipokee swali kama hili kwa kufoka. Mtoto aliyefokewa leo, kesho atakwenda bila kuuliza. Tena tujitazame wenyewe. Anayelikemea tango la ughaibuni huku akinyamazia wanaume na wanawake kuchanganyika na kucheza katika ukumbi wa harusi ya binti yake, hatasikilizwa na kijana yeyote, na kijana huyo atakuwa na hoja.

Twamwomba Allah atuongoze sisi na vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.