Shujaa Hakuli Makofi

Kwetu wengi wanasema kusifu askari hodari ni desturi ya wazee, isiguswe. Kusifu tunakubali, kusifu kwa midomo tu, hapana.

Tuangalie kolonele Mamadou Ndala. Mwezi wa saba 2013, Goma iliposikia ataitwa Kinshasa, watu walijaa barabarani kukataza asiondoke. Mwaka ule M23 ilishindwa. Tarehe 2 januari 2014 akauawa karibu na Beni, na mwezi wa kumi na moja mahakama ya kijeshi ilihukumu hata ofisa wa jeshi letu juu ya kifo hicho. Cheo cha jenerali alikipata akiwa maiti. Na askari wadogo waliopigana chini yake, majina yao nani anayajua?

Watatuambia picha yake kwenye tishati inatia vijana moyo. Moyo gani, kama mjane wa askari anazunguka ofisi kwa ofisi akitafuta haki yake? Kijana anaona vile nchi inapenda shujaa aliyekwisha kufa, juu huyo hadai mushahara.

Tunaomba mushahara ulipwe kwanza, yatima wasome, na majina yote yaandikwe. Kisha tuimbe.