Eti nibadilishe kivinjari!

Jamani, kuna jibu moja limenichosha. Unajaza fomu ya kazi mtandaoni: jina, shule, wadhamini watatu. Unafika mahali pa kupakia cheti, unabonyeza, kiduara kinazunguka weee, kisha kimya. Ukipiga simu kuuliza unajibiwa kwa upole kabisa, "jaribu kivinjari kingine." Mwezi uliopita nimejibiwa hivyo na ofisi moja (siitaji, wenyewe wanajijua) saa chache kabla maombi hayajafungwa.

Mimi nasema mara nyingi hilo ni jibu la kukwepa. Chrome, Edge na Opera zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium; Opera ilihamia huko mwaka 2013, Edge mwaka 2020. Kumtoa mtu Chrome aende Edge ni kama kumshusha daladala apande nyingine ya tajiri yule yule, kwenye foleni ile ile. Mwenye iPhone ndiyo kabisa, maana huku kwetu vivinjari vyote vya simu hiyo vinatumia injini ya Safari. Ukitaka kujaribu kweli, tumia Firefox kwenye kompyuta au Android, yenyewe ina injini yake.

Zamani ushauri ule ulikuwa na mantiki. Internet Explorer ilikuwa na sheria zake, na kurasa nyingi zilitegemea Flash kupakia mafaili. Lakini Flash ilizikwa mwisho wa mwaka 2020, na Internet Explorer ikastaafishwa Juni 2022. Ushauri umebaki yatima.

Sasa mchawi ni nani? Mara nyingi ni ukubwa wa faili. Tovuti nyingi zinaendeshwa kwa PHP, ambayo fundi asipoigusa inakubali faili lisilozidi MB 2. Picha ya cheti uliyopiga kwa simu inaweza kufika MB 4. Na kituko chenyewe ni hiki: mzigo wa fomu nzima ukizidi kikomo cha pili, ambacho kwa kawaida ni MB 8, PHP inatupa kila ulichojaza. Unaweza kurudishiwa ukurasa unaokuambia hujaandika jina lako! Hapo mtu anaanza kujiona mjinga bure.

Kwa hiyo wadau, pakia kwanza kifaili kidogo, tuseme cha KB 100. Kikipita, kivinjari chako hakina kosa, punguza cheti. Kisipopita, fungua dirisha la faragha, maana humo viongezi vyako kwa kawaida vinazimwa. Kama uliingia kupitia kiungo ndani ya programu ya simu, Facebook kwa mfano, toka ukifungue kwenye kivinjari kamili, kwa sababu baadhi ya programu hazikuwekewa njia ya kuchagua faili na kitufe hakitajibu hata ukibonyeza mpaka asubuhi. Picha za iPhone nazo huhifadhiwa kama HEIC, ambayo fomu nyingi haziitambui. Zigeuze JPEG kweli kweli. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili hakubadilishi faili.

Lakini kwa nini haya yote ayajue mwombaji? Kijana wa Namtumbo amelipia saa nzima ya intaneti kafe, amelipia na kuskani. Kuandika "mwisho MB 2, PDF au JPEG" juu ya kitufe ni kazi ya dakika tano. Ofisi isiyotaka kuandika hivyo ipokee vyeti kwa barua pepe, na mtambo ukikwama iongeze siku.

Nasi wa magazetini tunachangia. Tukipewa taarifa kwamba "waombaji wengi hawakukamilisha viambatanisho" tunaichapa kama ilivyo, bila kuuliza wangapi walikwama kwenye kitufe. Mimi swali hilo nitaanza kuliuliza. Wewe ulikwama wapi, na ujumbe uliotokea ulisemaje? Niandikie.