Kijana wa Mwisho Naye ni Wetu

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alituonya juu ya mazoea ya kuwahesabu watoto waliokosa nafasi ya sekondari kuwa wameshindwa, ilhali nafasi zenyewe zilikuwa za watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi. Leo nafasi ni nyingi. Mazoea hayajatutoka.

Ndugu walimu mnalijua gwaride la kufunga shule. Majina husomwa kuanzia wa kwanza. Anayefika mwisho husikia kicheko cha wenzake na, tusifichane, wakati mwingine cha mwalimu pia. Mtoto wa miaka 14 yumo katika umri wa kujiuliza yeye ni nani na ni wa kina nani. Tukimjibu mbele ya shule nzima kwamba ni wa 96 kati ya 96, atawatafuta watu wa kumpa jina jingine, na vijiwe vya mtaani havina mtihani wa kuingilia.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini ulitoka juu. Gwaride ni letu wenyewe. Wako watakaosema kwamba pasipo mashindano hapana bidii. Basi na washindane, alama ziandikwe, mzazi apelekewe. Hatupingi mtihani. Tunauliza tu kwa nini kijana huyo, ambaye huenda ndiye mpiga ngoma wa gwaride lile lile na mtunzaji hodari wa bustani ya shule, hatajwi kwa hilo hata mara moja kwa mwaka.