Kustahimili Si Kunyamaza



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya neno tunalolitumia sana mimbarini, harusini na hata misibani, lakini ambalo pengine hatuupimi uzito wake. Neno lenyewe ni kustahimili. Maoni yetu ni kwamba neno hili, likieleweka vema, humpa mtu amani ya moyo. Na likieleweka vibaya, huweza kumwumiza, hata kumwua.

Kustahimili ni ndugu wa kuhimili, yaani kubeba mzigo. Katika ukoo huohuo yumo hamali, mchukuzi wa bandarini na sokoni, na umo mhimili, ile boriti inayobeba uzito wa jengo. Neno hili basi halikuwekwa upande wa watu waliokaa wakingoja mambo yajitengeneze yenyewe. Liliwekwa upande wa kazi. Hata methali yetu husema subira yavuta heri. Na avutaye hutoka jasho.

Tumtazame hamali. Kabla hajainua gunia, husimama imara, huvuta pumzi na kuliweka vizuri begani. Akiisha kulibeba, hakimbii, bali huenda kwa mwendo wa kiasi. Na akifika mahali pake, hulitua. Katika mambo hayo matatu tunaweza kujifunza mengi.

La kwanza ni namna ya kuupokea mzigo. Kero za kila siku tunazijua sote. Umeme hukatika pasi ikiwa mkononi. Maji ya bomba hutoka saa nane usiku, na asiyeamka huikuta ndoo tupu asubuhi. Tunapanga foleni ofisini tangu saa moja, na tukifika dirishani tunaambiwa mtandao haupo, njooni kesho. Kero hizi huchosha, lakini hatari kubwa zaidi ni mahali tunapozipeleka. Hasira ya foleni hailipwi na mwenye ofisi. Hulipwa na kijana wa dirishani ambaye hakuuharibu mtandao, au na mtoto anayekuja mlangoni kutupokea mkoba. Deni huwa la mwingine, naye mdogo asiye na kosa ndiye anayelilipa.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliliona jambo hili vizuri. Aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Katika kumbukumbu zake anasimulia habari ya mtawa aliyekuwa nyuma yake wakati wa sala, akitoa kelele ndogo ya kuudhi isiyokoma. Teresa alitamani kugeuka na kumtazama kwa jicho kali. Hakugeuka. Alijitahidi kuisikiliza kelele ile kama muziki na kumtolea Yesu, nalo jasho likamtoka kwa jitihada hiyo. Huyu ndiye ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Hakuwa na moyo wa jiwe usiohisi maudhi. Aliyahisi, akachagua la kufanya nayo. Utulivu wa moyo ndio huo.

La pili ni mwendo. Wengi hatuchoshwi na mzigo wa leo tu. Tunachoshwa na kuubeba wa leo, wa jana na wa mwaka ujao kwa pamoja. Askofu François-Xavier Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam alikamatwa mwaka 1975, akakaa kifungoni miaka 13, na katika hiyo miaka 9 akiwa peke yake. Angeweza kuimaliza miaka ile kwa kuhesabu siku za kufunguliwa. Badala yake aliamua kuijaza upendo siku aliyokuwa nayo, akiadhimisha Misa kwa matone machache ya divai katika kiganja cha mkono. Mwaka 2001 alifanywa kuwa Kardinali. Kama mfungwa yule aliweza kuishi siku moja kwa wakati mmoja, nasi tunaweza kuanzia hapo.

La tatu ndilo linalotusukuma kuandika: kujua mahali pa kutua mzigo. Ipo mizigo ambayo Mungu hakumpa mtu yeyote aibebe. Mama anayepigwa na mumewe huja kwa wazee na kwa viongozi wa jumuiya, naye huambiwa, “Vumilia, ndoa ni msalaba.” Ndugu zetu, huko si kufundisha Injili. Mkono unaompiga mke si msalaba wa Kristo, ni dhambi ya mtu. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, humruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikali kimwili au kiroho, yeye au watoto wao. Papa Fransisko naye, katika wosia wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, alikiri kwamba kutengana huweza hata kuwa wajibu pale ambapo wanyonge wanapaswa kulindwa. Mama wa namna hiyo asindikizwe mahali salama na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, asirudishwe nyumbani na sala peke yake.

Mtasema, je, Bwana wetu hakunyamaza? Alinyamaza mara nyingi. Lakini alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu, alimwuliza yule askari sababu ya kumpiga. Aliuliza bila kutukana na bila kulipiza. Na alipotufundisha kusali bila kukata tamaa, alitupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena mpaka akapata haki yake. Saburi ya mjane yule ilikuwa na miguu. Ilitembea.

Basi juma hili, kero inapotujia, tujiulize: mzigo huu ni wa kubeba au wa kutua? Ukiwa wa kubeba, tuvute pumzi, tusimtwishe asiyehusika. Ukiwa ni uonevu, wetu au wa jirani, tusiuite uvumilivu. Tuseme kwa utulivu, na tukiambiwa njooni kesho, kesho twende. Na hamali aliyeelemewa tusimpigie makofi kwa nguvu zake. Tumsaidie kutua.

Mwenyezi Mungu awajalie juma lenye amani na kuwabariki ninyi na familia zenu.